Salamu za Barabarani kwa Wenye Kombi za Zamani

Muuzaji wa kombi ya zamani, lile gari la safari lenye kitanda ndani, atakuonyesha palipo na kutu, atakueleza habari za kabureta na jinsi kitanda kinavyokunjuliwa, lakini mara nyingi husahau kukuambia kwamba tangu siku hiyo watu usiowajua watakupungia mkono. Kombi nyingine inatokea mbele, dereva anainua kiganja, na kufumba na kufumbua ameshapita. Asiyejiandaa hubaki akimtazama kwenye kioo cha pembeni, salamu ya watu haijaitikiwa.

Si jambo gumu, ila lina namna yake. Magari haya ni mazito kwenye usukani, breki zake ni za enzi nyingine, na upepo wa ubavuni huyayumbisha. Salamu ambayo haina madhara kwenye gari jipya inaweza kukutoa barabarani ukiwa humu. Na zaidi ya furaha yake, ina faida iliyo wazi: anayekupungia leo huenda ndiye atakayesimama kesho akikukuta umekwama na kifuniko cha injini kiko wazi. Nimepanga hatua kwa mfuatano wa mambo yanavyotokea, kuanzia gari likiwa mbali hadi mkiwa mmesimama ana kwa ana.

Hatua ya 1: Litambue gari likiwa bado mbali

Muda ni mchache kuliko unavyodhani. Kombi mbili zinazokuja ana kwa ana, kila moja ikienda kilomita 80 kwa saa, hukaribiana kwa mita 44 hivi kila sekunde. Ukimwona mwenzako akiwa mita 200 mbele, una sekunde nne na nusu za kumtambua, kuamua, kuinua mkono na kuurudisha. Ndiyo maana wazoefu hawasubiri kuona uso wa dereva. Wanasoma umbo la gari.

Jifunze maumbo machache. Volkswagen ya kizazi cha kwanza, T1, iliyoundwa Ujerumani kuanzia 1950 hadi 1967, ina kioo cha mbele kilichogawanywa mara mbili na mkunjo wa bati wenye umbo la V unaoteremka usoni. T2 iliyoifuata ina kioo kimoja kipana kilichopinda. Ukitaka kujua zaidi, tazama indiketa za mbele: zikiwa chini karibu na bampa, hiyo ni ya miaka ya mwanzo, hadi 1972, zikiwa juu, kando ya matundu ya hewa, ni ya baadaye. T3, iliyotoka 1979, ni pana na ina kona kali. Nje ya ukoo huo kuna Bedford CA ya Uingereza, ya 1952 hadi 1969, yenye pua fupi na mara nyingi paa la Dormobile, watengenezaji wa magari ya kulala, linalofunguka kwa bawaba upande mmoja. Kuna Commer, kuna Ford Transit za kwanza za 1965, na kuna Citroën H ya Ufaransa, iliyoundwa 1947 hadi 1981, ambayo huwezi kuikosea kwa sababu mwili wake wote ni bati la migongo.

Dalili nyingine huonekana hata kabla ya umbo. Ukiona msururu wa magari kumi unajikokota kupanda mlima, mtazame aliye mbele. Uwezekano ni mkubwa kwamba ni mwenzako.

Hatua ya 2: Amua nani apungiwe

Hapa wenyewe hawakubaliani. Wapo wenye T1 wasiompungia mtu wa T3, na wapo wa T3 ambao hawamtambui mwenye T4 kwa kuwa injini ya T4, tangu 1990, ilihamishiwa mbele. Hoja yao ni kwamba udugu unatokana na taabu: asiyewahi kulala chini ya gari akitafuta mvujo wa oili hajui tunasalimiana kwa lipi.

Sikubaliani nao. Kwanza, kwa mita 200 hutajua kama injini iko mbele au nyuma. Pili, salamu haikugharimu kitu. Kanuni yangu ni kumpungia mwenye gari lolote la kulala lenye umri, liwe la kiwandani au limetengenezwa kwa mbao na jasho la mwenyewe uani kwake. Mwenye gari jipya akikupungia, mwitikie. Usianze wewe kama hutaki, lakini kumwacha mtu na mkono wake hewani ni ufidhuli.

Kumbuka pia kwamba si kila kombi iko matembezini. Brazili, ambako Volkswagen iliendelea kuunda Kombi hadi Desemba 2013, gari hili limebeba mizigo, abiria na bidhaa za sokoni kwa miongo. Dereva aliye kazini tangu alfajiri huenda asikuelewe unampungia kwa nini. Ukimsalimia asipoitikia, hakukudharau. Kwake ni gari la kazi tu.

Hatua ya 3: Kagua barabara kabla ya kuinua mkono

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Kabla mkono haujaondoka kwenye usukani, jiulize kama usukani unaweza kukaa na mkono mmoja kwa sekunde mbili zijazo.

Kombi nyingi za zamani hazina msaada wa usukani. Gurudumu la usukani wake ni kubwa, limelala karibu kama meza, na limechezeka kidogo katikati kwa uchakavu. Ubavu wa gari ni mpana na mrefu, na kwenye Volkswagen za injini ya nyuma, mbele ni kwepesi, hivyo upepo ukipiga, pua husogea. Lori likipishana nawe, kwanza linakusukuma nje, kisha linakuvuta ndani. Kama nyuma ya kombi inayokuja kuna lori, mikono yote miwili ibaki mahali pake. Mwenzako ataelewa, kwa sababu naye wakati huohuo ameshikilia wake.

Usipunge ukiwa kwenye kona, kwenye mzunguko wa barabara, ukiwa unabadilisha gia, kwenye daraja lenye upepo, au ukiwa na gari linalokupita ubavuni. Kwenye mvua acha kabisa. Vifuta kioo vya miaka ya sitini havimwachii mtu nafasi ya kukuona hata hivyo. Mahali hapo pote kutikisa kichwa kunatosha, na kama hata kichwa ni kizito, tabasamu.

Kama una abiria, mkabidhi kazi hii moja kwa moja. Mwambie tangu mwanzo wa safari: "Wewe ndiye wa salamu." Watoto wakipewa jukumu hilo hulifanya kwa bidii ya kutisha, na wataona kombi ambazo hata wewe hukuziona.

Hatua ya 4: Inua mkono uonekane

Salamu nyingi hupotea si kwa kuchelewa bali kwa kutoonekana. Kioo cha mbele huakisi anga na miti, na nyuma yake kuna giza la ndani ya gari. Mkono ulioinuliwa kifuani haumfikii mtu. Upeleke juu, usawa wa paji la uso, karibu na kioo, kiganja kikielekea mbele. Ushikilie tuli kwa muda wa kutamka "habari za safari", kisha uurudishe. Kupunga haraka haraka huku na huku hakuongezi kitu. Kwa mbali mkono uliotulia huonekana vizuri kuliko unaotikiswa.

Mkono upi? Wenye usukani upande wa kulia, kwenye nchi za kuendesha kushoto, gari la mbele hupishana nao upande wa kulia, kwa hiyo mkono wa kulia ndio ulio karibu na dirisha. Gia iko kushoto, basi kulia kuna nafasi. Kwenye nchi za kuendesha kulia geuza yote hayo. Tatizo ni kwa walionunua gari kutoka upande mwingine wa dunia: dereva amekaa pembezoni mwa barabara, mbali na anayekuja, na dirisha lake linaangalia majani. Huyo asihangaike na dirisha. Ainue mkono wa ndani, katikati ya kioo cha mbele, au amwachie abiria, ambaye sasa ndiye aliye karibu na watu.

Ukiwa na jua nyuma yako, yeye amepofuliwa na wewe unamwona vizuri. Usihesabu kwamba amekunyima. Na likiwa machoni pako, mpungie tu hata kama umeona kivuli cha kombi na si zaidi.

Neno kuhusu vidole. Alama ya V ya vidole viwili imeambatana na kombi tangu miaka ya sitini, na wengi huipenda kuliko kiganja. Ni sawa, mradi kiganja kielekee mbele. Uingereza na Australia, V yenye mgongo wa mkono mbele ni tusi, tena la nguvu. Ugiriki, kiganja kilichotanuliwa vidole vyote na kusukumwa kuelekea usoni pa mtu ni tusi la kale, hivyo huko vidole viwe pamoja na mkono usisukumwe. Iran, kidole gumba kilichoinuliwa kimekuwa na maana mbaya kwa wakubwa. Brazili, usifanye duara kwa gumba na kidole cha shahada. Anayesafiri mbali na kombi yake abaki na ishara moja isiyo na ubishi: mkono wazi, vidole pamoja, umetulia.

Waendesha pikipiki wana salamu yao, mkono wa kushoto ukiteremshwa chini, kwa kuwa wa kulia umeshika kishikio cha mafuta. Wengi wao huwasalimia wenye kombi pia. Waitikie. Wao pia wanajua kunyeshewa.

Hatua ya 5: Taa na honi, kwa kiasi

Kupepesa taa kubwa kunavutia kwa sababu mikono haiondoki, lakini kuna shida mbili. Ya kwanza ni ya maana: madereva wengine huisoma kuwa "kuna hatari mbele" au "pita wewe". Kanuni za barabara za Uingereza zinasema wazi kwamba kupepesa taa ni kwa kumjulisha mwingine kuwa upo, basi. Ujerumani, ishara za taa na honi zimewekewa mipaka ya hatari na kumpita mtu nje ya miji. Ya pili ni ya kifundi: T1 nyingi zilitoka kiwandani na umeme wa volti 6, na mwanga wake mchana hauonekani. Tena nyingi hubadilisha taa kwa kitufe cha sakafuni kinachokanyagwa kwa mguu wa kushoto, mguu huohuo unaohitajika kwenye klachi.

Honi iache. Uingereza ni kosa kuipiga gari likiwa limesimama bila hatari, na mijini hairuhusiwi kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 1:00 asubuhi. Hata palipo ruhusa, honi ya ghafla humshtua mwenye gari kuukuu; atadhani gurudumu limetoka. Usiku hakuna salamu ya barabarani. Hamuonani.

Hatua ya 6: Mkiwa mnaelekea upande mmoja

Umemfikia mwenzako kwa nyuma. Kishawishi ni kumpita ili umpungie ubavuni. Piga hesabu kwanza. Yeye anakwenda 80, wewe 85. Tofauti ya kilomita 5 kwa saa ni chini ya mita moja na nusu kwa sekunde, na ili utoke nyuma yake hadi umtangulie kwa nafasi salama unahitaji mita kama 60. Hiyo ni zaidi ya sekunde 40 upande usio wako, na barabara ya kilomita nzima. Hakuna salamu yenye thamani hiyo.

Kaa nyuma, na uwe mbali kuliko unavyokaa ukiwa na gari jipya, kwa sababu breki zako huenda ni za dramu magurudumu yote manne. Usimpepesee taa. Dereva wa gari la zamani akipepesewa taa kutoka nyuma hafikirii urafiki. Anafikiria moshi, na atasimama kando kwa hofu. Mkifika kituo cha mafuta au maegesho, hapo ndipo mtasalimiana kwa sauti.

Tumia taa kutoka nyuma pale tu kuna jambo la kweli: mlango wa nyuma haukufungwa, mafuta yanadondoka, kuna moshi. Ukipishana na mwenye tatizo kama hilo, salamu yako ibadilike isifanane na salamu. Onyesha kwa kidole nyuma ya gari lake, mara kadhaa. Na kumwambia mtu apunguze mwendo, nyoosha mkono kiganja kikiangalia chini, uushushe na kuupandisha taratibu.

Hatua ya 7: Ukilikuta limeegeshwa

Hili si onyesho, ni chumba cha mtu. Pazia zikiwa zimefungwa, pita kimya kama unavyopita mlango uliofungwa. Usichungulie dirishani, usiguse bati, usijaribu kitasa ili "kuona kama ni sawa na cha kwangu". Ukitaka kuegesha karibu, acha nafasi ya mlango wa pembeni kufunguka na usimzibie upande anaotazama. Kuna watu huona kombi nyingine na kuisogelea hadi ubavu kwa ubavu katika uwanja mtupu wa ekari tano. Mwenzao amekuja kutafuta utulivu.

Mlango ukiwa wazi na mwenyewe yuko nje, simama hatua kadhaa mbali, mbele anakokuona, na umsalimie kwanza yeye, gari baadaye. Swali zuri la kuanzia ni "Mmetoka wapi leo?" Swali baya ni "Umeinunua kwa kiasi gani?" Baya zaidi ni kumweleza kwamba rangi si ile ya kiwandani, au magurudumu si ya mwaka wake. Anajua. Kama ni kombi yenye vyombo vya Westfalia, kampuni iliyoanza kuzitengenezea Volkswagen samani za kulalia mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mwachie aseme mwenyewe. Kwa kawaida haichukui dakika mbili.

Ukialikwa ndani, vua viatu bila kuambiwa, na usikae mpaka uonyeshwe pa kukaa. Kiti kinaweza kuwa kitanda, kabati la vyombo na sehemu ya betri kwa wakati mmoja.

Hatua ya 8: Ukilikuta limekwama

Kombi iliyo kando ya barabara na kifuniko cha nyuma kimeinuliwa hapungiwi mwenyewe halafu ukaenda zako. Hapo salamu ni kusimama, ikiwa pana mahali salama. Kwenye barabara kuu za mwendo kasi usisimame. Nchi nyingi zinakataza, na utakuwa umeongeza gari la pili la kugongwa. Toka njia ya kwanza inayofuata, kisha piga simu ya msaada ukaeleze lilipo.

Kwenye barabara ya kawaida, mpite kwanza, egesha mbele yake nje kabisa ya njia, washa taa za hatari, na utembee upande usio na magari. Anza na "Poleni. Mmeshapata msaada?" Wengi watajibu kuwa injini inapoa tu, au wanasubiri fundi. Basi watakie safari njema uondoke. Usilazimishe ufundi wako. Akikubali msaada, ruhusu aeleze mwenyewe kabla hujainama. Yeye ndiye anayejua tabia za gari lake.

Kabla ya lolote, nusa. Mipira ya petroli iliyozeeka hupasuka, na kwenye Volkswagen za injini ya nyuma hudondoshea injini ya moto. Ukisikia harufu kali, injini isiwashwe, watu na watoto wasogee mbali, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi. Kasha la nyingi za injini hizo ni la aloi ya magnesiamu, na likishashika moto si la kuzimwa na mtu mmoja. Usipambane nao.

Mengine huwa mepesi zaidi. Taa nyekundu ya jenereta ikiwa imewaka kwenye T1 au T2 za mwanzo, tazama feni belti kwanza. Belti hiyo huzungusha jenereta na feni ya kupoza kwa pamoja, kwa hiyo ikikatika injini haina hewa na haiwezi kuendelea hata kilomita chache. T2 za injini kubwa zaidi zina feni iliyofungwa kwenye mhimili wa injini wenyewe, hivyo hizo huweza kusogea kwa muda bila belti, betri ikiruhusu. Kebo ya mafuta, inayosafiri kutoka pedali ya mbele hadi injini ya nyuma, nayo hukatika. Hapo skrubu ya kabureta ikikazwa ili injini ingurume juu kidogo, gari huweza kujikokota hadi mahali salama. Kebo ya klachi ikikatika, gari huwashwa likiwa tayari kwenye gia ya kwanza na kuondoka na stata. Kazi hiyo inahitaji barabara tupu na moyo mgumu, na kama kuna taa za barabarani mbele, ni heri kuvutwa.

Kwa ajili ya kukutana huko, beba vitu vinavyoweza kumfaa mwingine hata kama gari lako halivihitaji: feni belti ya akiba, kebo ya mafuta na ya klachi, mita moja ya mpira wa petroli na vibano vyake, fyuzi, waya mwembamba, kamba ya kuvutia, tochi, na pembetatu ya tahadhari. Ukimpa mtu belti yako, mwandikie saizi yake kwenye karatasi ili akanunue nyingine. Nawe nunua ya kwako kabla hujaendelea mbali.